Njuga za Mbuzi

Kenyamonta nzima hakuna aliyedharau wenzake kwa bidii kama Kisyeri. Aliwadharau wenye ng'ombe wachache, ingawa wa kwake nao hawakuwa wengi. Zaidi ya wote aliwadharau wachezaji ngoma waliofunga njuga zikalegea. "Hizo za mbuzi," alisema, akitema mate pembeni. Zake alizifunga kwenye vifundo vya miguu kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akivuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kila harusi yeye ndiye aliyecheza mbele. Bila nafasi ile alikuwa mkulima tu kama wengine, na alilijua hilo.

Kisha unyayo wa kulia ukaanza kuwaka moto, na baadaye vidole vikafa ganzi.

Kijiji kikajaa matabibu. Jirani alisema amekanyaga dawa ya wapinzani. Mganga alimchanja chale na kumpaka unga mweusi. Mwenye duka la dawa alimchoma sindano "ya mishipa" bila kuuliza mshipa upi. Mchungaji alimkemea pepo wa mguu, ila pepo huyo, inaonekana, hasikii Kiswahili. Hata mmoja hakumwambia avue njuga wamtazame kifundo.

Na mwenyewe? Kwa kuwa mguu haukuhisi tena mtikiso, aliamini njuga zimelegea. Akazidi kukaza.

"Baba Marwa," mkewe Mokami alimwambia siku moja alipomwona akitoka shambani, "kandambili yako moja iko wapi?"

Kisyeri akatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, unatoka damu, naye hana habari. Hapo ndipo alipokubali kwenda hospitali ya Mugumu.

Agustina, mtaalamu wa tiba ya viungo, alihakikisha kwanza kwamba si kisukari. Kisha akaona alama nyeusi ya mpira kwenye ngozi, akauliza, akaambiwa habari ya njuga. Akagonga kwa kidole nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Kisyeri akaruka kama aliyeshika waya wa umeme. Shoti ilimfika vidoleni.

"Hapo hapo, mzee. Mshipa wa fahamu unapita kwenye kinjia chembamba kando ya mfupa. Wewe unaubana kwa mpira, halafu unaurukia. Mshipa usilalamike?"

"Nichome sindano basi."

"Sindano ipo, hata upasuaji upo, ila hatuanzii huko. Acha mpira. Pumzisha mguu, vaa kiatu chenye soli laini, fanya mazoezi nitakayokuonyesha. Ukiendelea kukaza, ganzi hii inaweza isiondoke kabisa."

"Na njuga nikizifunga chini ya goti?"

"Hapo kuna mshipa mwingine. Utarudi unaburuta mguu."

Alipumzika, akinung'unika, miezi kadhaa. Ganzi ikapungua polepole.

Kwenye harusi iliyofuata alifika na soksi nene za mpira wa miguu, njuga zimefungwa juu yake kwa kitambaa, zimelegea. Mbele alisimama Waitara, yule ambaye Kisyeri alimcheka miaka yote kwa njuga zake zilizolegea. Waitara alikuwa amejifunza: alizikaza njuga zake kwa mpira wa tyubu mpaka ngozi imefura pembeni.

"Waitara, legeza hiyo. Itakuua mguu."

Waitara akatema mate pembeni. "Karibu, mbuzi!"

Watu wakaangua kicheko. Kisyeri akaingia mstari wa nyuma, akaanza kucheza. Kokoto likamchoma unyayo wa kulia, naye akalikanyaga tena, makusudi.