Masizi Ziwani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliosha sufuria ziwani, na kwa ajili ya sufuria hiyo mwanamke mmoja alivunjwa mkono. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia habari hii kwa namna inayonipendelea. Haikubali.

Ilikuwa vakansi, likizo ya Pasaka. Papa alikuwa mwalimu hapa Kalemie, na kila mwaka alitupeleka kulala ufukweni, upande wa kwenda Kabimba, kwenye mchanga na mawe makubwa. Alisema mtu anayeishi kando ya ziwa na kuliangalia kupitia dirisha tu ni mjinga. Tulifunga bashi, turubai letu, juu ya miti minne, tukatandika mikeka, Mama akawasha moto. Alikuwepo pia Nkambo, mama mzazi wa Papa, na Papa mdogo Kisimba pamoja na mke wake mpya, Mama Vero.

Papa mdogo ndiye aliyetuleta, kwa mtumbwi wake wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Alikuwa amevua ndakala, dagaa wa ziwani, kwa mitumbwi ya watu tangu ujana wake, na huu ulikuwa wake mwenyewe, pamoja na moteri. Aliupangusa maji kwa shati lake, sisi tukacheka. Mama Vero alikuwa mtu wa Kongolo, wa mto Lualaba, na alikuwa na miezi mitatu tu katika ukoo wetu. Alinisuka nywele bila kuniumiza. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wote, na wao walilijua hilo.

Kwetu, sufuria yenye masizi haiingizwi ziwani. Unachota maji kwa beseni safi, unapanda nayo hadi kwenye majani, unasugua huko kwa majivu. Nkambo alitukumbusha hata kabla hatujanawa mikono.

"Munisikie. Ziwa haipendi masizi. Ukiichafua, itakutafuta."

Baada ya kula, Mama alinituma kuosha sufuria ya bugali. Ukoko ulishika kama simenti. Beseni lilikuwa zito, majani yalikuwa mbali, na mvivu hakosi sababu. Nikaitumbukiza. Weusi ukatambaa juu ya maji, una mafuta mafuta. Nilipoinua kichwa, Mama Vero alikuwa amesimama na ndoo, ananitazama. Akatabasamu tu. Kwao huosha kila kitu mtoni. Mimi nikaogopa, nikaiacha sufuria palepale katikati ya mawe, nikakimbia.

Jua lilikuwa halijazama mbingu ilipogeuka rangi. Upepo haukuanza kidogo kidogo. Ulikuja mzima, ukachana bashi, ukarusha makaa ya moto hadi kwenye mikeka. Radi ilipasua mti nyuma yetu. Mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye jiwe. Wimbi liliuinua, likaubamiza mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu nikasikia mbao zikivunjika. Papa mdogo aliingia majini hadi kifuani kuokoa moteri. Kamba ilimchana viganja vyote viwili. Alitoka na kafi moja tu, damu ikimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

Upepo ulipopungua, aliiona sufuria, mpini wake umekwama kwenye mawe, nusu yake majini.

"Nani alitia hii sufuria ndani ya ziwa?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Hakuna kilichotoka.

"Njo mimi," alisema Mama Vero. "Kwetu tunaosha mutoni. Sikujua, bwana yangu. Unisamehe."

Kafi lilimpata mgongoni. Aliinua mkono kujikinga, na pigo la pili likatoa sauti ileile ya mtumbwi. Mama alipiga mayowe. Papa, aliyekuwa akitufundisha darasani kwamba ukweli humweka mtu huru, alimshika mdogo wake baada ya pigo la nne. Nne. Nilikuwa karibu kiasi cha kuyahesabu.

Ndipo Nkambo akatokea nyuma ya mawe, analia, amekumbatia bakuli. Alikuwa akitafuta unga katika vitu vyetu vilivyolowa, kwa sababu dawa ya kosa lile ilijulikana: konzi moja ya unga mweupe majini, na maneno ya kuomba radhi. Basi.

"We Kisimba! Ziwa inaombaka unga tu! Nani alikuambia inaombaka damu?"

Aliutupa ziwani ule unga ulioloa. Papa mdogo alikaa chini kwenye mchanga, akalia kama mtoto. Sikumhurumia, na hata leo nikikumbuka kilio kile nashikwa na hasira.

Mama alimfunga Mama Vero mkono kwa kitenge, tukajibanza kwenye mawe kungoja wavuvi. Nilimsogelea nikamuuliza kwa nini alisema vile.

"Uko mudogo," aliniambia. "Angekuua."

Mkono uliunga vibaya, umepinda. Alipoweza kubeba mzigo wake alipanda treni kurudi Kongolo, na hakuna aliyemfuata.

Mwaka jana Papa mdogo aliugua, nikamuuguza mimi. Siku moja, nikimlisha uji, nilimwambia yote. Aliumeza uji kwanza.

"Nilijua," akasema. "Nguo yako ilijaa masizi. Lakini wewe ulikuwa mutoto wa kaka. Ningekupiga namna gani?"

Nilimaliza kumlisha. Nikatoka nje na bakuli. Kumbe mimi nilikuwa salama tangu mwanzo. Mwanamke yule alinikinga na kafi ambalo lisingenigusa kamwe, na neno langu moja lingemwondolea mumewe kisingizio.

Watoto wangu huniuliza kama ni kweli ziwa hukasirika. Nawaambia hukasirika, na dawa yake ni unga. Bado napanda na beseni hadi kwenye majani. Treni ya Kongolo ikipiga honi naisikia kutoka nyumbani kwangu, na sijawahi kuipanda, kwa sababu nikimkuta Mama Vero hai itanibidi nimwambie kwamba mumewe alijua.