Mvaa Soksi

Kwenye maabara yetu ya mbu hapa Ifakara kulikuwa na mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuvaa soksi. Alizivaa asubuhi, za nailoni, akashinda nazo, na jioni akazivua kwa ncha za vidole kama anayemenya ndizi iliyotoka kuchemshwa, akazifunga kwenye mfuko na kuzitia kwenye friza, harufu yake itumike kwenye jaribio letu la kuvuta mbu. Hakuogea sabuni ya manukato wala hakugusa vitunguu. Nikimwamkia "Shikamoo," alijibu "Marahaba, mwanangu," huku akitazama miguu yake, utadhani ndiyo iliyoamkiwa. Mimi kazi yangu ni kuwalisha mbu maji ya sukari, na siku moja nilimuuliza wanamjuaje mtu gizani. "Kwenye antena zao kuna seli zenye vipokezi vya harufu," alisema, akisimamisha vidole viwili juu ya paji la uso. "Harufu yangu ikitua pale, seli inamwambia mbu: mtu huyu hapa." "Na kama mtu hayupo?" Alicheka tu, akavuta soksi juu.

Presha ilimwondoa Alhamisi, tukamzika Jumamosi kwao Mahenge. Jumatatu jaribio lilikuwa bado linaendelea, kwa hiyo nilitoa soksi yake ya mwisho kwenye friza, nikaitundika ndani ya kizimba cha neti. Mbu wakaifunika yote, wakihangaika kutafuta pa kuuma. Mpaka leo sijui nani alikosea, wao waliosema yupo au mimi niliyetupia udongo kaburini. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Shikamoo." Nikasubiri.