Nguruwe Wetu na Miguu ya Jirani

Bwana afya wa kata alipokuja kwetu Chamazi alinikuta nimekaa juu ya ndoo, natazama nguruwe wangu wakila kama mtu anayetazama tamthilia. Akasema majirani wamelalamika. Tukae chini, tuangalie ufugaji wetu unaharibu nini, halafu tuanze na kile kinachoumiza watu kuliko vyote. Akirudi mwezi ujao akute hakijatengenezwa, mifugo ihame. Nguruwe wale ndio waliokuwa wanamsomesha binti yetu chuoni. Usingizi ukaniruka.

Nilikuwaga mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo kumpanga mtu au kitu kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho hakunipi shida. Mume wangu akasema tuanze na maji tunayooshea banda, maana yanateremka mpaka njiani. Nikamwambia mvua zote hizi, nani atayaona hayo maji? Harufu ikashika namba moja, nzi wakafuata, kelele zikawa nyuma yake. Maji yakashika mkia.

Basi nikapigana na harufu. Nikafuata maranda kwa mafundi seremala wa Chang'ombe, nikamwaga majivu, nikapanda mchaichai kuzunguka banda lote. Likanukia mbao utadhani duka la fenicha. Mume wangu akalalamika kwamba nguruwe sasa wanapendwa kuliko yeye, nami sikubisha.

Bwana afya aliporudi alikuja na jirani yetu wa bondeni, mama mmoja mtu wa Lindi. Kumbe yeye ndiye aliyekwenda kulalamika. Iliniuma sana. Mtu tunaamkiana kila siku, anakunywa chai barazani kwangu, ingawa kwa kikombe anachokuja nacho mwenyewe.

"Mama, harufu imepungua?" bwana afya akamuuliza.

"Imekwisha kabisa," akasema. "Ndiyo maana nateseka."

Bwana afya akamwambia aeleze.

"Mie harufu niliizoea zamani. Shida yangu maji. Mwanzo dimbwi la hao wadudu wenu wa bandani nililijua kwa pua, nalizunguka, naenda zangu darasani msikitini. Sasa madimbwi yote sawasawa. Nikikanyaga lolote sina uhakika, narudi nyumbani kuosha mguu mara saba, moja kwa udongo. Nikifika, wenzangu wanafunga vitabu."

Mume wangu akakohoa. Kikohozi kile nakijua, hakijawahi kuhusiana na kifua.

"Sasa jirani, si ungeniambia?" nikasema, hasira zimenipanda.

"Uliniuliza?"

Bwana afya akatupa mpaka Ijumaa. Tukachimba shimo nyuma ya migomba, tukajenga mfereji wa saruji kutoka bandani hadi shimoni. Matope yakanifika magotini. Mume wangu kila akiinua koleo anasema, "Asiyesikia la mkuu," anaishia hapo, ananiachia nimalizie mwenyewe. Sikumalizia.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri, njia nzima ikajaa madimbwi. Bwana afya akaamuru tuoshe banda mbele yake. Tukamwaga ndoo kwa ndoo, maji yote yakapita mferejini yakaishia kwenye migomba, hata tone halikuteremka. Lakini hakuondoka. Alikuwa anamsubiri jirani.

Akatokea na baibui lake, vitabu kwapani. Alipofika usawa wa geti letu akainua pindo, akaruka dimbwi, mguu mmoja ukatua ndani. Akasimama. Akageuka, akaanza kurudi. Nikamwona akilini binti yangu anarudi nyumbani na sanduku lake.

Hakwenda kwake. Alikuja mpaka nilipo, akanyoosha mguu uliolowa.

"Haya ya mvua?"

"Ya mvua."

"Bandani hayajatoka?"

"Hata tone. Haki ya Mungu."

Akainama, akanusa. Maranda na mchaichai tu. Nilijitahidi mno hata ushahidi nikaufuta, limebaki neno langu, neno la mfuga nguruwe. Akaniangalia usoni, akaniangalia tena. Hata mume wangu hakukohoa.

"Nakuamini wewe," akasema. "Pua yangu mmeshaiharibu."

Akashusha pindo, akaenda zake darasani na mguu ule ule.