Siku Mzee Jicho Alipoona Mawili

Kazini walimwita Mzee Jicho, na jina hilo hakulipata bure. Miale ya eksirei ikipotoka hata kidogo, yeye ndiye wa kwanza kuiona. Kabla watafiti hawajaingia na sampuli zao, alikagua njia yote ya miale mpaka itue kwenye kibao ndani ya chumba kilichofungwa, na kamera ionyeshe doa moja tu la kijani. Mkewe alikaa chumba cha pili, kwenye mitambo ya kuongozea, wakazungumza kwa simu ya ukutani. Ndivyo walivyolea watoto pia: huyu huku, yule kule, simu katikati.

Asubuhi hiyo watafiti wageni walikuwa njiani. Wasipokuta miale tayari, zamu yao imewapita, na kupata nyingine si leo wala kesho.

Mzee Jicho akatazama skrini yake. Madoa mawili.

“Mama Watoto, kioo kimehama.” Kioo ndicho kinachokusanya miale iangukie mahali pamoja.

“Huku naona doa moja, Baba Watoto.”

“Skrini yako imechoka.”

Akakizungusha kioo kidogo. Mkewe akasema sasa doa limetanuka. Akakizungusha tena. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, mtu huyu. Ukaidi alizaliwa nao, na mkewe alimpenda nao hivyohivyo, Mungu amlipe. Saa zikayoyoma, na madoa yakakataa katakata kuwa moja.

Jasho likamtoka. Akavua miwani, akaisugua kwa shati, akairudisha. Akaziba jicho la kulia. Doa moja, pana, alilolivuruga kwa mikono yake mwenyewe. Akaziba la kushoto. Mawili.

Akakaa kitako. Aliogopa, tusifichane. Jicho ndilo kazi, na kazi ndiyo jina lake. Angeweza kukisingizia kioo, wageni wakarudi makwao, naye akabaki na heshima yake. Akainua simu.

“Mama Watoto. Kioo kilikuwa kizima. Mbovu ni mimi.”

Mkewe akasema taratibu, “Najua, mume wangu. Tangu uanze kumimina chai pembeni ya kikombe.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia. Ukabadilisha taa ya jikoni.”

Akacheka huku machozi yakimlenga. Ni kweli, aliibadilisha, tena mara mbili, na muuza taa akagombezwa.

“Sasa tufanyeje?”

“Rudisha kioo polepole, mimi nitakuambia. Kushoto. Bado. Bado kidogo. Hapo hapo.”

Mkono wake ukasimama. Kwenye skrini yake madoa yalikuwa bado mawili, lakini aliirudisha simu ukutani moyo umetulia.

Wageni walipofika, mkewe alikuwa ameshampigia daktari wa macho. Mkubwa wao akauliza ni nani aliyekagua miale. Mzee Jicho akamwonyesha mkewe kwa kidole.