Uwanja Usio na Filimbi

Wiki iliyopita niliingia duka moja la kamba na misumari pale Al Jaddaf, hapa Dubai. Nilifuata bawaba za mlango tu. Nikapita penye mafungu ya kamba za katani, harufu ikanisimamisha. Mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, lete bawaba. Lakini nilipofika kwenye gari nilikaa kitambo bila kuwasha injini.

Wewe kama hukukulia shamba la mkonge, harufu ile haitakuambia kitu. Mkonge ukitoka mashineni unanuka uchachu kama togwa iliyolala. Ukianikwa ukakauka, unanuka jua. Bibi yetu alikuwa mwanikaji. Maji ya mkonge yalimchubua mikono mpaka akawa hawezi kumenya ndizi bila kukunja uso. Jioni tulimchotea maji, tukala bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa dagaa, kisha nikambeba mdogo wangu mgongoni twende uwanjani. Mama alikuwa ameshafariki, na baba hatukumjua. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa baba yake, nami mwenyewe bado mtoto. Shule niliiacha darasa la nne ili yeye asome, na sioni haya kuliandika hilo. Wapo waliomaliza wanaofanya kazi kwangu leo.

Mpira wetu tuliusokota kwa mabaki ya katani. Ulikuwa mzito, ukikupiga tumbo, unakaa chini kwanza. Na tulicheza bila refa, kwa sababu moja tu: filimbi pale shambani ilikuwa ya nyapara peke yake. Ikilia, watu wanatoka majumbani kwenda kuhesabiwa. Siku moja tulijichongea filimbi ya bua la mpapai, tukapuliza, watu wazima wakaja mbio wakidhani wameitwa kazini. Nyapara alituchapa wote. Tangu hapo ikawa aliyefanya kosa ananyoosha mkono mwenyewe, na mpira unasimama. Usiponyoosha, hakuna atakayekugombeza, ila hutapewa pasi tena mpaka giza liingie. Mdogo wangu alijua kunyoosha mkono kabla hajajua kufunga vifungo vya kaptula.

Akakua akawa beki wa kati. Mrefu, mkimya, hana papara. Straika anahangaika mbele yake kama kuku aliyepotelewa na mlango, yeye kasimama tu, mara unaona mpira uko kwake. Alichezea timu ya mkoa, akachukuliwa na klabu kubwa ya Dar es Salaam, halafu akaenda Oman misimu kadhaa. Mimi nilikuwa huku. Nilianzia kambi ya vibarua ya Muhaisnah, kitanda juu ya kitanda, basi la kampuni alfajiri, arbab, yaani bosi, anakuita kwa kidole. Nikapanda kidogokidogo mpaka nikawa na kampuni yangu ya kupaka rangi. Hakuna aliyenishika mkono.

Basi katika miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, klabu moja ya hapa Dubai ikamwita kumjaribu. Alikuwa ameshavuka thelathini, na beki wa umri huo habembelezwi. Wakala wake alituambia wazi: mechi moja ya kirafiki. Wakimpenda anasaini, klabu inakuwa kafeel wake, mdhamini wa kibali chake. Wasipompenda, arudi nyumbani, na ndio mwisho wa kucheza nje.

Nilikaa jukwaani karibu na mlinzi mmoja Mkenya. Mdogo wangu alicheza mpira ambao sijaona tena. Mlinzi yule, aliyekuwa akisinzia, aliamka akaanza kumpigia makofi. Dakika za mwisho, bao hakuna, ikapigwa krosi. Watu wakarundikana golini, na mpira ukamgusa mkono ndani ya boksi. Refa alizibwa na watu, hakuona. Hata wapinzani hawakulalamika. Yeye akasimama wima, akanyoosha mkono juu.

Refa alimfuata, wakasemezana kidogo, akaonyesha penalti.

“Mzee, huyo beki wenu ni pasta ama ni nini?” mlinzi akaniuliza. “Si angenyamaza tu, nani ameona?”

Bao likaingia. Meneja wa klabu alikung'uta mikono kama mtu aliyemaliza kula, akasema khalas. Baadaye wakala alituletea maneno yake: yeye alitafuta beki, hakutafuta shahidi.

Nilimpeleka mdogo wangu kula mkahawani Oud Metha. Alikula biriani yake yote, yangu ilipoa. Akaniambia hakufikiri lolote, mkono ulikwenda wenyewe. Nikamwambia najua. Akanywa maji, akaniangalia.

“Kaka, ungekuwa wewe, ungenyoosha?”

Ningeweza kumwambia ndiyo. Lakini mdogo wangu sijawahi kumdanganya.

“Nisingenyoosha,” nikasema.

Hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wa kwao.

“Basi nimebaki peke yangu,” akasema.

Alirudi nyumbani akapata timu, habari zikiwa zimemtangulia. Kila alipogusa mpira, jukwaa zima lilinyoosha mikono na kucheka. Hakumaliza msimu. Sasa anauza vipuri vya pikipiki Korogwe.

Bibi hayupo. Mashine za mkonge zilinyamaza zamani, na pale tulipochezea pameota vichaka. Mwaka juzi nilipita, sikujua hata goli lilikuwa upande gani. Hayo yote nayavumilia. Vitu huchakaa. Lisilovumilika ni kwamba yule mdogo wangu zamani hakununua hata shati bila kuniuliza, hakuhama klabu bila kunipigia simu usiku na mchana. Toka meza ile ya Oud Metha hajaniomba shauri la jambo lolote.

Juzi nimesikia kwa mpita njia tu kwamba amemwoza binti yake mkubwa. Posa imepokewa, mahari yamepangwa, watu wamekula pilau, na mimi ndiye baba mkubwa. Ijumaa akanipigia simu kama kawaida. Akaniuliza joto la huku, nikamwuliza mvua za kule. Harusi hakuitaja, na mimi sikuuliza.