Mwaka Kaka Alipokuwa Mgombea Mwenza

Kaka yangu alifundisha shule za msingi tangu akiwa kijana mpaka mvi zikamjaa. Alianzia Endagikot, akahamishiwa Hirbadaw kule Hanang, akamalizia hapa Dongobesh, karibu na nyumbani. Kila alikopita aliacha watoto wanaojua hesabu na wanaojua fimbo. Alipostaafu alikuwa hawezi kufika sokoni bila kusimamishwa na watu wazima, wengine wenye wajukuu, wanaokunja mgongo na kusema shikamoo mwalimu. Alizipenda sana shikamoo zile. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, mkulima wa vitunguu swaumu, nilikuwa nasimama pembeni nikimsubiri amalize kuitikia marahaba.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika, alikuja nyumbani kwake katibu wa chama kimoja kidogo. Katibu huyo alikuwa na duka la pembejeo pale Dongobesh, mtu mpole wa msikitini, familia yao imefanya biashara hapa tangu sijazaliwa. Nilikuwepo siku hiyo. Alieleza kwamba mgombea wao wa urais anatoka visiwani, na sheria inataka mgombea mwenza atoke upande wa pili, yaani bara. Chama kilikuwa kinatafuta mtu.

"Mwalimu," alisema, "mgombea wetu ni msomi, anasema vizuri, lakini huku hakuna anayemjua. Mwenza ndiye atakayembeba. Wewe umefundisha Mbulu, umefundisha Hanang. Wanafunzi wako ndio wapiga kura wa leo. Hesabu mwenyewe."

Lo, kumwambia mwalimu wa hesabu ahesabu! Nikamwona kaka midomo inacheza. Alikuwa anahesabu madarasa, mwaka kwa mwaka, mikondo miwili miwili. Alipomaliza macho yake yalikuwa yanang'aa, na mimi nikaona aibu kama niliyemchungulia mtu anaoga.

Mkewe, shemeji yangu, alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharage. Hakuwa mwanamke wa kuongea mbele ya wageni, lakini siku ile aliongea.

"Hawakutaki wewe, Baba. Wanataka picha ya kuweka pembeni. Wakishindwa watarudi kwao. Wewe utabaki hapa na hawa hawa watu."

Kaka alimwambia anyamaze. Katibu akatazama chini, akanywa chai yake. Kuanzia hapo ikajulikana kwenye ukoo mzima kwamba mke wa mwalimu ameukataa ugombea wa mumewe.

Kwetu mtu hatoki kwenda kwenye jambo kubwa bila baraka. Sisi ni Wakristo, tunasali kila Jumapili, lakini baraka ya nyumbani ni baraka ya nyumbani. Aliitwa baba mdogo wetu, mzee pekee aliyebaki wa upande wa baba, akatoka kwake Endagikot. Shemeji ndiye aliyepika pombe, ya mtama na asali, pamoja na kukataa kwake kote. Mzee alisimama uani asubuhi, akaomba kwa Kiiraqw kwa muda mrefu, akaiombea njia, mifugo, mvua na wagonjwa, akapuliza pombe kuelekea mawio ya jua. Kisha akaleta kibuyu kimoja kwa kaka na kwangu. Tukanywa wote wawili.

"Aliyekunywa hiki hamwachi mwenzake," mzee alisema. Nikaitikia kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa na hamu ya ile pombe, niseme ukweli.

Basi kampeni zikaanza. Mimi nilimwendesha kaka kwa pikipiki yangu, kwa hiyo niliona kila kitu. Tulikwenda Endagikot. Watu wakatoka mashambani na majembe begani, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu. Tukaenda Katesh, fundi cherehani mmoja akaacha nguo kwenye mashine akaja kumwonyesha kaka kovu la kidole alichochapwa darasa la tano, wakacheka mpaka machozi. Jioni kaka alikuwa akifika nyumbani ananiambia, "Leo umewaona? Wameniamkia wote." Alikuwa na daftari. Aliandika humo vitongoji na wingi wa watu waliomwamkia.

Hapo ndipo ningepaswa kumwambia. Mtu yeyote wa huku angejua, kama asingekuwa yeye mwenyewe. Huku kwetu mtoto akikutana na mkubwa bila kuamkia anaweza kurudishwa njiani na mtu asiyemjua. Shikamoo tunaitoa kwa mkubwa tunayempenda na kwa mkubwa tunayemchukia, tunaitoa hata kwa mlevi aliyelala mtaroni. Si ahadi ya kitu chochote. Lakini kaka alikuwa amezipokea miaka mingi mno, akaamini ni mali yake iliyowekwa mahali, na sasa anakwenda kuichukua. Sikumwambia. Nilikuwa nafurahia safari, na nafsi yangu nyingine, ile mbaya, ilikuwa inataka kuona mwisho wake.

Mgombea wa urais mwenyewe alikuja huku mara moja tu. Tulimpeleka Hirbadaw siku ya mnada. Alikuwa mtu mwembamba mwenye Kiswahili laini kama cha redioni, na upepo wa pale ulimtesa, alijifunga koti mpaka shingoni. Alimshika kaka mkono akauinua juu, akasema, "Nimewaletea mwalimu wenu!" Watu wakapiga makofi kwelikweli. Mgombea akatabasamu. Nadhani na yeye alihesabu.

Halafu mama mmoja aliyekuwa anauza magadi akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa tu, "Sasa rais ni yupi hapo?"

Akaonyeshwa.

"Na mwalimu atafanya nini?"

"Atakuwa makamu. Atamsaidia."

Yule mama akafikiri. "Kama mnasema mwalimu ndiye mzuri, mbona asiwe yeye mkubwa? Huyu mwingine simjui. Nimpe nchi mtu nisiyemjua ili mwalimu wangu amshikie mkoba?"

Watu walicheka, na mgombea pia alicheka, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na gari nikaona jinsi alivyouachia mkono wa kaka. Kampeni yote ilikuwa imejibiwa na muuza magadi. Kadiri tulivyomsifu mwenza, ndivyo tulivyomfanya mgombea aonekane mgeni. Na kama tusingemsifu mwenza, hatukuwa na kingine cha kusema. Tulirudi Dongobesh, na usiku ule kaka hakuandika kitu kwenye daftari. Kesho yake akaandika: Hirbadaw, wengi sana.

Katika wiki zote zile kaka aliomba kura kwa kila mtu. Aliomba kwa wachunga ng'ombe, aliomba kwa padri, aliomba kwa mtu mmoja aliyekuwa anapita tu kwenda Singida. Mimi hakuniomba hata siku moja. Wala hakumwomba mkewe. Mimi alinihesabia kwa sababu nilikunywa, na mkewe alimtoa kwenye hesabu kwa sababu alisema.

Sasa niseme jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Siku ya kupiga kura nilipanga foleni shuleni. Nikapewa karatasi, nikaingia kwenye kile kijisanduku cha kadibodi. Kila chama kilikuwa na picha mbili, rais na mwenza wake. Kaka alikuwa pale, amevaa koti la kuazima ambalo mabega yake yalimzidi, anatazama mbele kama anayesubiri darasa linyamaze. Nilimtazama sana. Nikawaza kwamba yule aliye kando yake hashindi. Nikawaza kwamba kura yangu moja haiongezi wala haipunguzi, kwa kuwa ukoo mzima utampa. Nikawaza kwamba yeye ndiye aliyesomeshwa na mimi nikabaki na jembe la baba, na kwamba hakuniomba. Na nikataka, mara moja katika maisha yangu, kuwa upande wa watu wanaoshinda. Nikaweka alama ya vema kwingine. Nikakunja karatasi vizuri, nikatumbukiza, nikapakwa wino, nikatoka nikamkuta kaka nje nikamwambia, "Tayari, kaka." Akanishika bega.

Asubuhi iliyofuata matokeo ya kituo chetu yalikuwa yamebandikwa kwenye mlango wa darasa. Tulikwenda watatu, kaka, mimi na shemeji. Kaka akavaa miwani. Mbele ya chama chake palikuwa na mbili. Iliandikwa kwa tarakimu na tena kwa maneno, mbili, ili mtu asije akadhani kalamu iliteleza.

Kwenye kituo kile walipiga kura wanafunzi wake, majirani zake, wasimamizi wa ndoa yake, watoto wa watoto aliowasimamia ubatizo. Mtu mmoja alipita nyuma yetu na baiskeli akasema shikamoo mwalimu. Kaka hakuitikia. Sikuwa nimewahi kumwona kaka haitikii shikamoo.

Alisimama pale muda mrefu. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya darasani, "Moja ni yangu."



Akanigeukia. Machozi yalikuwa yamejaa nyuma ya miwani. "Na ya pili ni yako, mdogo wangu. Ulikunywa kibuyu, na hukuniacha."

"Baba, mimi pia nimekupigia," shemeji alisema.

Kaka hakumtazama. "Zingekuwa tatu," alisema.

Mimi nilikuwa katikati yao. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, na sikuisema. Nilisema, "Ndiyo, kaka."

Shemeji akanitazama. Alijua pale pale, maana kura yake aliijua. Katika dunia nzima alikuwa yeye peke yake anayejua kuwa naongopa, na ingetosha afungue mdomo. Nilisubiri aufungue. Alijifunga khanga yake vizuri akatangulia kurudi nyumbani.

Tangu siku ile kaka hajala chakula cha mkewe. Hakumpiga wala kumtukana. Aliacha tu kula. Wanaishi nyumba moja, wanasalimiana, anamwachia hela ya sabuni dirishani. Lakini sahani ambayo mkewe anaiweka mezani anaipita. Kwetu hilo linaelezeka bila maneno. Majirani walipoona wiki ya pili imepita wakaanza kumwepuka shemeji kisimani, na wenzake wa jumuiya wakaacha kumwachia zamu ya kuongoza sala. Mwanamke aliyemnyima mumewe kura! Waliosema hivyo ni wale wale waliomnyima.

Mgombea alirudi kwao visiwani na hakupiga simu tena. Katibu alifika mara moja kumpa kaka pole, akasema kwa uchungu wa kweli kwamba chama kilikosea hesabu, kwamba mwenza hawezi kumpa mgombea kitu ambacho mwenyewe hana. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Ninaye ndugu."

Na huyo ndugu ni mimi. Kaka anakula kwangu, asubuhi na jioni, mpaka leo, na uchaguzi mwingine umeshapita. Akikaa na watu ananisifia. Anasema dunia nzima ilimkimbia akabaki na mtu mmoja. Wanangu wamekua wakisikia habari hiyo, na yule wa mwisho aliwahi kuniambia anataka kuwa kama mimi. Nilitoka nje nikaenda shambani, nikalima mpaka mikono ikachubuka, na haikusaidia.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya vitunguu, niliona siwezi tena. Nikaenda kwa shemeji asubuhi, kaka akiwa kanisani. Amekonda sana. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda.

"Shemeji," nikasema, "leo nitamwambia. Nimekuua bure. Nitamwambia kwamba kura ilikuwa yako."

Hakushtuka. Aliendelea kufagia pale jikoni, akakusanya takataka, akazitupa nje, akarudi akasimama mlangoni. Nilitegemea alie au anilaani. Ningeshukuru kama angenilaani.

"Mimi hatanirudia," alisema. "Miaka imepita, ameshazoea kunichukia. Hatajua aanzie wapi. Na wewe atakuacha siku hiyo hiyo."

"Aniache. Ni haki yake."

"Haki yake, ndiyo." Alinitazama kwa yale macho ya siku ile kwenye mlango wa darasa, hayana hasira hata kidogo. "Sasa niambie, shemeji. Ukishamwambia, atakula wapi?"

Jioni kaka alikuja kama kawaida, nikamshikia birika akanawa mikono, tukaketi tukala.