Taji la Tisa halisubiri mtu, Shangazi naye hanyamazi

Saa tisa alasiri, chumba cha gemu kimejaa mpaka mlangoni. Kwenye runinga kubwa ukutani, malkia mwenye kovu shavuni anapanda ngazi za ngome, upanga uliovunjika mkononi. Anasema jambo kwa Kiingereza, harakaharaka, sauti ikimkatika. Macho ya watu yako kwake, lakini masikio yao yanamngoja mtu mwingine.

Mtu huyo ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya runinga. Maikrofoni iko mapajani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Malkia anafika juu, moto wa kambi unawashwa, na kinyozi anayecheza anaweka padi ya kuchezea chini bila kuambiwa. Mwanamke anakohoa kidogo, kisha anainua maikrofoni.

"Sasa jamani, mmemwona alivyozipanda zile ngazi. Alikuwa anajikokota. Kule chini kamwacha mdogo wake, na maneno aliyokuwa akiyasema ni haya: nikigeuka nitarudi, na nikirudi tumekwisha sote."

Muuza mboga wa benchi la mbele anashika tama. Mafungu yake ya mchicha yako kwenye beseni chini ya miguu yake, na ukimuuliza nani anauza huko sokoni muda huu, atakwambia mchicha hauna haraka.

Mwanamke mwenye maikrofoni anaitwa Shangazi. Kwa damu ni shangazi wa mtu mmoja tu, yule kijana mwenye chumba. Lakini kijana alikuwa akimwita hivyo mbele ya wateja, wateja wakadaka, na leo hata wanaume wazima wenye vipara wanamwita Shangazi bila haya.

Kazi yake ni kusimulia gemu. Si magemu yote, maana ya mpira hayahitaji mkalimani. Bao ni bao. Yeye anasimulia Taji, mfululizo ulioanza kutolewa mpwa wake akiwa bado anatambaa, na ambao mwaka huu umefika toleo la tisa. Jina lililoandikwa kwenye kasha ni refu na la Kiingereza. Hapa hakuna anayejisumbua nalo.

Kwa asiyezijua gemu za namna hii, mchezaji hupewa mhusika, akamlea kutoka unyonge hadi nguvu. Anamchagulia marafiki, anamchagulia maneno ya kusema, na mara nyingine anamchagulia nani afe. Ni hadithi ndefu kuliko mchezo. Ukikosa kuielewa lugha, umebaki kukata watu mapanga bila kujua walikukosea nini.

Shangazi anakumbuka siku ya kwanza alipoingia chumbani humu, miaka kadhaa iliyopita, akiwa hana kazi. Alikuwa amekuja kumsaidia mpwa wake kufagia tu. Kinyozi huyuhuyu alikuwa kwenye Taji la Sita, anabonyeza kitufe kuyaruka maandishi, na mbele yake amesimama mzee mmoja wa kwenye gemu.

"Nikayasoma yale maandishi, ufagio mkononi," anasema. "Yule mzee amekuja kuomba msamaha, na kaleta ufunguo wa lango. Kabla sijafungua mdomo, kinyozi kashamuua. Halafu anazunguka wiki nzima anatafuta ufunguo."

Kinyozi anakana kwamba ilikuwa wiki nzima. Hakani kwamba alimuua mzee.

Tangu siku hiyo Shangazi akawa anasoma kwa sauti, akiyageuza maneno kuwa Kiswahili papo hapo. Kiingereza alikiokota shuleni, kingine akakiokota stendi ya mabasi, alikokuwa mtangazaji kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyekuwa akitaja basi linaloondoka, linakoelekea na nani kasahau mzigo. Watu walimjua kwa sauti tu. Akiuliza bei sokoni, mtu anageuka na kusema, kumbe ndiwe wewe.

Kisha stendi ikaweka sauti ya mashine. Anasema hakufukuzwa kwa ubaya. Walimpa mkono, wakamshukuru. Ila alipofika getini akaisikia mashine ikitangaza basi alilolitangaza maisha yake yote, na ikalitamka vibaya. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na analisema hilo waziwazi, bila kuona aibu.

Kwa hiyo chumba hiki kilimrudishia kitu ambacho hakutegemea kukipata tena. Watu walianza kuja alasiri kwa ajili yake. Muuza mboga hajawahi kushika padi. Fundi seremala, aliyeyatengeneza mabenchi haya kwa mikono yake kabla macho hayajapofuka kwa ugonjwa, huja na fimbo yake na kukaa pembeni kabisa, ukutani. Haoni hata mwanga wa runinga. Hajakosa toleo hata moja.

Kukosea, Shangazi hukosea, na akikosea hapati pa kujificha. Katika Taji la Nane kulikuwa na bwana mmoja mwovu ambaye Kiingereza kilimwita kwa lile neno lao moja linalomtosha ndugu wa baba na ndugu wa mama. Shangazi akamfanya mjomba wa malkia. Toleo la tisa lilipofunguka tu, ikabainika kwamba bwana huyo ni mdogo wake marehemu mfalme, baba wa malkia. Chumba kizima kikamgeukia. Walikuwa wamekaa na mjomba huyo miaka mitatu, wengine wamemtetea.

Alisimama, akaomba radhi kwenye maikrofoni. "Kuanzia leo ni baba mdogo," akawaambia. "Mlivyomchukia kama mjomba, mchukieni upya kama baba mdogo." Seremala alicheka hadi akaangusha fimbo.

Lakini kicheko hicho hakikudumu. Siku hiyo ya kwanza ya Taji la Tisa nusura iwe ya mwisho kwa Shangazi.

Gemu lenyewe ni zuri, tena sana. Mvua ikinyesha, unaona matone yakiteremka kwenye deraya za chuma. Farasi akihema, pua zake zinatoa mvuke. Vita vimebadilika: zamani ulipiga, ukangoja upigwe, kila mtu kwa zamu yake. Sasa wote wanarukiana kwa pamoja, jambo linalomfurahisha kinyozi mwenye vidole vyepesi na kumchosha kila aliyezidi umri wake. Muziki wa kuingia mjini wameuacha uleule, na wamefanya la maana. Mkoba wa vitu bado una fujo ileile, kutafuta dawa ndani yake ni kama kutafuta sindano kwenye kikapu cha nguo chafu.

Tatizo lilikuwa maneno. Katika matoleo ya nyuma, mhusika akisema kitu, maandishi yalikaa chini ya kioo mpaka mchezaji abonyeze kitufe. Mtu angeweza kwenda kunywa maji, akarudi, akamkuta mfalme bado kafungua mdomo. Shangazi alikuwa na nafasi ya kutosha.

Taji la Tisa halisubiri. Wahusika wanaongea kwa midomo yao huku wanatembea, wanakatizana, wanagombana wakiwa juu ya farasi. Siku ile Shangazi alidaka sentensi mbili, ya tatu ikampita, ya nne akaiacha katikati. Alipomaliza kusema malkia ana hofu, malkia alikuwa tayari anacheka. Baada ya muda akaweka maikrofoni chini.

Chumbani hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Watu waliendelea kutazama. Mpwa wake alimfuata jioni, akamwambia kwa upole kwamba labda sasa apumzike, akae kwenye meza ya mlangoni awe anapokea wateja.

"Ni shangazi yangu, amenilea, siwezi kumwambia aondoke," kijana anamwambia mwandishi wa makala haya, akikwepa kumtazama usoni. "Lakini niliona kama gemu lenyewe limeshamwondoa. Sauti zipo, hisia zipo. Nikajisemea, watu watazoea."

Yeye Shangazi alikubali bila ubishi. "Mara ya kwanza, kule stendi, nilisema ni bahati mbaya," anasimulia. "Hii mara ya pili nikaanza kujiuliza, isije ikawa kasoro ni mimi."

Siku ya pili alikaa mlangoni. Kinyozi akacheza, panga zikalia, watu wa kwenye gemu wakapiga mayowe kwa Kiingereza. Benchi la mbele lilikuwa limejaa nusu tu. Seremala alikaa mahali pake ukutani, shingo kainamisha, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani kupitia dirisha.

Katika toleo hili kuna kambi. Mashujaa wakichoka huwasha moto, wanakaa, na mchezaji anaweza kuwaacha hapo kadiri apendavyo. Hakuna adui anayekuja. Wachezaji wengi hupita kambini mbio, wakatibu majeraha na kuondoka. Siku ile kinyozi alipigiwa simu na mteja, akaacha padi kambini, akatoka nje kujibu.

Chumba kikawa kimya, moto wa kwenye runinga ukilia peke yake. Katika kimya hicho seremala akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Shangazi," akasema, "nani amekufa?"

Akamjibu kutoka kule mezani, bila maikrofoni, kwamba hajafa mtu. Ila yule dada mponyaji, ambaye tangu asubuhi amekuwa akicheka na kila mmoja, ameficha jeraha lake. Seremala akauliza kwa nini alifiche. Shangazi akaeleza. Ili kueleza hilo ilibidi arudi nyuma kidogo, kwenye ugomvi wa juu ya farasi, na ili ugomvi ueleweke ilibidi arudi hadi alichosema malkia siku iliyotangulia. Yote alikuwa ameyasikia. Yalikuwa yamejaa kichwani mwake, hayakuwa na pa kutokea.

Alipoanza kuwaigiza, mponyaji kwa sauti ndogo na baba mdogo kwa ile sauti yake laini ya kilaghai, alikuwa ameshaacha meza na kusimama mbele ya runinga. Kinyozi alirudi na simu mkononi, akakuta hakuna anayemngoja. Akakaa. Hakugusa padi mpaka Shangazi alipomaliza.

Kisha wakaondoka kambini, na gemu likawafikisha kwenye uamuzi: kulivunja daraja waokoke, au kuliacha, na mponyaji aliye nyuma apate pa kupita. Siku ya kwanza kinyozi alichagua mambo kama haya kwa kubahatisha. Sasa muuza mboga alisimama, beseni lake likapinduka, akasema wazi kwamba daraja halivunjwi. Walibishana mpaka mpwa akapunguza sauti ya runinga. Daraja halikuvunjwa.

Hivi ndivyo Shangazi alivyopata kazi yake tena, na safari hii hakuna aliyempa. Gemu likienda, yeye ananyamaza na kusikiliza kwa makini kuliko wote. Wakifika kambini, padi inawekwa chini, zamu inakuwa yake. Hakuna anayeondoka kambini mpaka aseme tumemaliza, hata kinyozi, ambaye mwanzoni alinung'unika.

"Nyumbani nacheza peke yangu, namaliza haraka," kinyozi anakiri. "Ila sijui nimemaliza nini."

Shangazi mwenyewe anaona sasa anasimulia vizuri kuliko zamani. Zamani alifuata maneno yalivyokuja, moja baada ya jingine. Siku hizi anayangoja yote, anachagua la kuanza nalo, na kuna jambo anaweza kulificha mpaka mwisho ili watu waruke. Analisema hili kwa majivuno, mikono kiunoni, na ni majivuno aliyoyatolea jasho.

Mpwa wake amemwongezea. Theluthi ya makusanyo ya alasiri sasa ni yake, na kijana amechora picha ya malkia kwenye mlango, ikiwa na miwani. Shangazi anadai haifanani naye. Kila anayeingia anasema inafanana naye.

Nilikwenda kulitazama gemu hilohilo kwenye chumba kingine, mtaa wa tatu. Mashine ileile, kioo kikubwa zaidi. Vijana walipita kambini mbio bila kugeuka. Nilitoka humo nimeona mvua nzuri sana na sikumbuki jina la mtu.

Nilimuuliza seremala anakuja kutafuta nini mahali ambapo wenzake wanakuja kutazama. Aligonga fimbo sakafuni taratibu.

"Nimeliona hilo Taji kuliko hawa wote," alisema. "Waulize kovu la malkia liko shavu gani. Mimi nimeambiwa lilivyopatikana."

Taji la Kumi halijatoka, lakini tetesi zinasema litakuja na lugha nyingi zaidi. Nilimuuliza Shangazi itakuwaje likija linaongea Kiswahili. Nilitegemea anyong'onyee. Badala yake alitoa simu ya mpwa wake mfukoni, akanisikilizisha sauti yake mwenyewe akiwa malkia kwenye zile ngazi za ngome, akijikokota, akikataa kugeuka nyuma. Wameirekodi chumbani humu asubuhi moja kabla ya kufungua, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magodoro, na mpwa ameituma kwa watengenezaji pamoja na ujumbe mfupi.

"Nimewaambia, mkimtaka malkia wa Kiswahili, yupo," anasema. "Bado hawajajibu. Wakijibu nitakwenda. Wasipojibu, malkia ataendelea kusema Kiswahili hapahapa, kila alasiri, na huko kwao hawatajua wamekosa nini."